Unaishi Oman na una kamera? Hivi ndivyo utakavyozunguka bila kuunguza hela, lenzi wala bataka yako

Watu wengi wakitua Muscat na kamera begani, wiki ya kwanza tu wanataka Jebel Shams, jangwani, kasa wa Ras al Jinz na Salalah, vyote kwa mpigo, kama vile tiketi ya kurudi ni Jumapili. We sio mtalii. Una bataka (kitambulisho cha ukaazi) mfukoni, una kazi, una Ijumaa na Jumamosi (kama kafili wako, yaani mwajiri anayekudhamini, ni muungwana, wengine Ijumaa yenyewe wanapewa nusu), na una vitu viwili ambavyo wale wageni wa lenzi ndefu hawana. Unaweza kurudi palepale tena na tena mpaka pakubali, halafu una Kiswahili mdomoni kwenye nchi ambayo wazee kibao wamezaliwa Unguja, Pemba, Mombasa, hadi Tabora na Bujumbura. Ukivitumia hivyo viwili vizuri, hata kamera ya mtumba inatosha.

Tuanze na yale yanayoweza kukupeleka polisi, tuyamalize. Usipige picha askari na magari yao, kambi za jeshi, uwanja wa ndege, bandari upande wa mizigo, wala mitambo ya mafuta. Ikulu ya Al Alam kule Muscat ya zamani watu wanaipiga kwa mbele kila siku, hakuna shida, ila ukiona mlinzi anakupungia mkono usidhani ni salamu, shusha kamera. Droni bila kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga usiirushe kabisa, iache tu nyumbani kwa mama. Na watu: kuna sheria ya makosa ya mtandao ya 2011, kumpiga mtu picha kwa kuingilia faragha yake na kuitupia mtandaoni inakuletea jela na faini, sio kuambiwa "futa" tu. Kina mama usiwapige kwa kuwavizia, hata kwa mbali, hata kama mwanga ni wa ajabu. Utaomba, wakikataa unashukuru unaendelea na safari.

Halafu hili la hela. Bataka yako imekufunga na mwajiri wako na kazi iliyoandikwa humo, kwa hiyo ukianza kuchukua harusi za watu na kulipwa wakati umeandikwa dereva au fundi umeme, hapo unacheza na kurudishwa kwenu. Najua watu wanafanya, mi nakwambia tu ilivyo. Piga za kwako, jenga kazi zako, na ukitaka kulipwa pitia kwenye kibali kwanza.

Sasa mwanga na joto, maana hapa ndipo kamera zinapofia. Tropiki ya Kansa, ule mstari wa kwenye ramani, unapita kusini kidogo tu mwa Muscat, kwa hiyo majira ya joto jua la mchana linakuwa juu ya utosi kabisa, nyuso za watu zinakuwa na mashimo meusi machoni, na kuta nyeupe zinaungua kwenye picha. Juni jua linachomoza kama saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, na ukifika saa mbili asubuhi kazi imeisha, rudi ukalale. Mchana serikali yenyewe imekataza kazi za nje juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu miezi ya Juni, Julai na Agosti, sasa kama fundi wa ujenzi kapumzishwa we unatafuta nini huko na tripodi? Desemba ni kinyume, jua linazama mapema, saa kumi na moja na ushee jioni hivi, ukitoka kazini kumi na moja ushachelewa. Kwa hiyo wenye kazi za mchana, kuanzia Novemba mpaka Februari alfajiri ndio yenu, jioni mwachieni wenye zamu ya usiku.

Hilo joto usilichukulie poa. Tarehe 26 Juni 2018 mji wa Quriyat, huo huo unaoupita ukienda Sur, ulikaa siku nzima na usiku wake bila kushuka chini ya nyuzi 42.6. Yaani baridi ya siku hiyo ilikuwa 42.6. Kamera uliyoiacha kwenye buti la gari siku kama hiyo inapikwa, betri zinavimba, na gundi ya raba za kushikia inaachia. Nenda nayo unapokwenda, hata msikitini iwe kwenye begi la mgongoni.

Na kuna hili la ukungu kwenye lenzi ambalo linamtesa kila mgeni. Gari lina kiyoyozi kinapuliza kama friji, kamera imekaa kwenye kiti cha mbele imepoa mpaka chuma chake kinauma vidole, unafungua mlango pale Muttrah, ufukweni mwa Muscat, mwezi wa saba ambapo hewa ni mvuke mtupu wa bahari, na papo hapo kioo chote kinakuwa cheupe, unafuta kinarudi, unafuta kinarudi, mwisho umepaka mafuta ya kidole na bado huoni kitu. Usifute. Kabla hujatoka nyumbani tia kamera kwenye mfuko wa plastiki unaofungika hewa, ile mifuko ya zipu ya jikoni, ukishafika iache humo humo nje ya gari dakika ishirini mpaka nusu saa, maji yatashika juu ya plastiki badala ya kioo, ukitoa kamera iko sawa na hewa. Au zima kiyoyozi mapema njiani ufungue vioo, utatoka jasho ila utapiga picha. Na usibadilishe lenzi wakati huo, maana ukungu ukiingia ndani kwenye sensa, kile kinachonasa picha, ni kesi nyingine.

Sasa pa kuanzia. Anza Muttrah, acha milima. Iko mjini, basi la Mwasalat linafika, huhitaji gari, na hata ukiwa na saa moja tu kabla ya kazi unarudi na kitu. Alfajiri shuka kwenye soko la samaki, lile jipya la 2017 lililochorwa na Snøhetta, paa lake limepinda na lina mapezi membamba ya aluminiamu yanayokata jua vipande vipande, ukisimama upande wa bahari jua likiwa chini ile mistari ya mwanga inawaangukia wauzaji mabegani na kwenye meza za samaki. Jodari anavyopasuliwa pale hamna tofauti na Feri ya Dar, ila sakafu safi. Kisha tembea barabara ya ufukweni, majahazi yametia nanga, ngome ya Wareno iko juu ya jabali, nyumba nyeupe za Sur al Lawatia zimejipanga. Souq yenyewe, lile soko la zamani, mchana inafungwa, kama saa saba hadi saa kumi, na Ijumaa asubuhi maduka mengi hayafunguliwi, nenda jioni baada ya Maghrib ambapo moshi wa ubani unapanda kwenye taa. Pale ndani giza, paa limefunikwa, pandisha ISO (unyeti wa kamera kwa mwanga) usiogope, 3200 au 6400, chenga zinavumilika kuliko picha iliyotikisika. Lenzi ya 35 au 50 yenye kufunguka sana ndiyo ya mahali hapo, zile ndefu utakuwa unagonga vichwa vya watu.

Na humo sokoni ndimo Kiswahili kinaanza kulipa. Usiingie na kamera imeshapanda usoni. Ingia, toa salamu ya Kiarabu kwanza kwa sababu huwezi kujua, "As-salaam aleikum", tulia, angalia bidhaa, ulizia bei ya kitu. Mzee akiona sura yako na akasikia lafudhi yako, mara nyingi anaanza mwenyewe.

"Mwanangu, watoka wapi?"

"Shikamoo babu. Mi wa Tanga."

"Marahaba. Tanga! Mi nimekulia Pemba, Wete. Kaa hapo."

Ukishaambiwa kaa hapo, kaa kweli, usianze kutafuta engo. Utaletewa kahawa na halua, kunywa kikombe, ukitosheka kitikise hivi kidogo kwa mkono wa kulia ndio wanajua basi, usipotikisa watakumiminia mpaka kesho. Ongea Pemba, ongea karafuu, msikilize. Wengi wao waliondoka baada ya mapinduzi ya 1964, wengine wakaja baada ya 1970 Sultan Qaboos alipowaita watu warudi kujenga nchi, na kila mmoja ana stori yake, nyingine nzito, we sio hakimu wala huendi kubishana naye siasa za Zanzibar dukani kwake. Picha iombe mwishoni: "Babu, ruhusa nikupige picha ukiwa na kofia yako?" Na ndio, kofia ile wanaiita kumma, ukiiona utajua ni ndugu yake ya Unguja. Akikubali piga mbili tatu, muonyeshe hapo hapo, na wiki ijayo mpelekee iliyochapishwa. Studio za kuchapisha ziko Ruwi, zile zile za picha za pasipoti, bei rahisi. Mzee uliyempelekea picha anakufungulia mlango wa ndugu zake wote, Nizwa yupo mjomba, Ibra yupo shemeji, Sur yuko binamu, na hapo ndipo unapoanza kuingia nyumba ambazo hakuna kampuni ya utalii inakuingiza.

Ukitoka Muttrah nenda Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa 2001. Wasio Waislamu saa zao ni mbili hadi tano asubuhi, Jumamosi mpaka Alhamisi, Ijumaa hawaingii. Kina dada nywele zote zifunikwe na mikono mpaka kwenye viganja, kina kaka suruali ndefu. Zulia la ndani lina uzito wa tani 21, lilifumwa na wanawake wa Irani, na taa ile inayoning'inia ina urefu wa mita 14, ila usihangaike kuitia yote kwenye fremu moja, kila mtu anayo hiyo. Tafuta marumaru za uani saa mbili asubuhi kabla watu hawajajaa, zinang'aa na zinarudisha mnara kichwa chini. Tripodi iache nyumbani.

Nizwa ni kama kilomita 160 kutoka Muscat, barabara lami tupu, gari dogo linatosha. Kinachokupeleka kule ni mnada wa mbuzi wa Ijumaa, na unaanza saa moja asubuhi, saa tatu watu wanatawanyika, kwa hiyo au ulale kule Alhamisi au uondoke Muscat saa kumi usiku. Basi la asubuhi halitakufikisha kwa wakati. Jinsi unavyokwenda: kuna duara, katikati kuna kibanda cha kivuli wanunuzi wanakaa, na kwa nje wanunuzi wengine wamesimama ukutani, sasa wauzaji wanazunguka kati ya hao wawili na mbuzi wao wa kamba huku wanataja bei kwa sauti, mnunuzi anamdaka mkononi, anamfungua mbuzi mdomo aangalie meno, anamminya kiuno, wakishindwana anaachia na mzunguko unaendelea. Wapo na wale kina mama wa kibedui wenye barakoa zao usoni wanaouza na kununua, hao ndio usiwaelekezee lenzi bila kuomba.

Kosa la wageni ni kusimama ndani ya njia ya mbuzi. Utapigwa kikumbo na utawaharibia watu biashara. Simama nje upande ambao jua linatoka mbele yako, yaani jua liwe nyuma ya mbuzi, vumbi lao linawaka dhahabu na manyoya yanakuwa na mstari wa mwanga pembeni. Shata (kasi ya kupiga) isishuke chini ya 1/500 ya sekunde kama unataka ule mkono uliodaka kamba utulie, au shuka mpaka 1/15 uzunguke pamoja na muuzaji ili nyuma kuchanganyike. Wiki ya kabla ya Idi kubwa pale hapatoshi, ndio picha bora na ndio kukanyagwa. Ukimaliza, ngome iko hapo hapo jirani, halafu Bahla ni mwendo mfupi, ngome yake iko kwenye urithi wa dunia tangu 1987, na Misfat al Abriyeen juu ya Al Hamra, kijiji cha mawe ambacho mfereji wa falaj unapita katikati ya migomba. Misfat watu wanaishi mle, vibao vimewekwa vinaomba wageni wajistiri na wasipige wenyeji, viheshimu. Piga maji, piga mawe, piga migomba. Mitano ya mifereji ya aina hiyo nchini iliingia urithi wa dunia 2006, na inavyogawa maji kwa zamu kuna wazee wanaweza kukueleza siku nzima.

Upande wa Sharqiya, yaani mashariki, watu wanapita haraka kukimbilia jangwani na wanaruka Ibra, mimi naona hapo wanakosea. Mitaa ya zamani, Al Minzfah hasa, ni majumba ya matajiri waliofanya biashara na Afrika Mashariki, sasa mengi yameanguka, milango, matao, ghorofa zilizo wazi juu, na ukitembea humo kama umekulia Mji Mkongwe au Lamu macho yako yanajua pa kuangalia kabla hujaambiwa. Nenda jioni jua likiwa limelala, na angalia unapokanyaga, ghorofa za udongo zile zinabomoka. Ibra kuna pia soko la wanawake la Jumatano, wanaume hawaingii. Dada yangu mwenye kamera, hiyo ni nafasi yako peke yako, ingia bila kamera kwanza, nunua kitu, jenga uso, ndipo uulize.

Bidiyah, jirani na jangwa, nenda mwezi wa saba ingawa kila mtu atakwambia umechanganyikiwa. Ni wakati wa tabseel. Tende aina ya mabsli zinavunwa zikiwa bado za njano, zinachemshwa kwenye masufuria makubwa ya shaba juu ya moto wa makuti na magogo ya mitende, wanaume wanakoroga na kuopoa kwa makapu yanayochuruzika maji ya moto, kisha zinaanikwa juani mashamba kwa mashamba mpaka ardhi yote inabadilika rangi. Moshi, mvuke, jasho, watoto wanakula za moto moto. Alfajiri ndio kazi inaenda kasi kwa sababu ya joto. Mvuke usiuingie na lenzi, kaa upande upepo unakotokea.

Jangwani penyewe, kwa mwenye gari la fowili tu, na usiende gari moja. Punguza upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani, Bidiyah pale barabarani kuna mafundi wanakujazia tena ukitoka. Kamera moja lenzi moja, ukihitaji mbili azima kamera ya rafiki, lenzi usiibadilishe nje, mchanga ule ni laini kama unga wa sembe na unaingia kila mahali. Ukitaka nyota nenda usiku wa mwezi mwandamo, sio katikati ya mwezi, kalenda ya Kiislamu ukutani inakwambia bila programu yoyote ya simu.

Sur. Huko sisi watu wa pwani tuna deni. Majahazi ya Sur ndiyo yaliyokuwa yanakuja na kaskazi Lamu, Mombasa na Unguja, yanabeba tende na samaki mkavu, yanasubiri kusi na kurudi na boriti za mikoko, na zile boriti bado utaziona kwenye dari za nyumba za zamani za Oman. Kiwanda cha majahazi kipo ukingoni mwa hori, mafundi wengi ni Wahindi, na jahazi linajengwa mbao za nje kwanza halafu ndio mbavu zinafuata ndani, kitu ambacho ukikiona kwa macho utapiga picha nyingi mno. Muombe msimamizi, panda ngazi taratibu, tafuta mikono na keekee na nyuzi za pamba zinazopigiliwa kwenye nyufa za mbao. Jirani limewekwa Fatah al Khair, jahazi lililoundwa Sur 1951 na kununuliwa tena kutoka Yemen. Jioni vuka daraja uende Ayjah kwenye mnara wa taa, kutoka kule unaipata hori yote na mji ng'ambo, maji kupwa na kujaa yanabadilisha picha kabisa kwa hiyo angalia ratiba ya bamvua.

Ras al Jinz kasa wanataga usiku, ziara ya usiku kamera hairuhusiwi, wala simu, na hakuna kubembelezana, mwanga unawageuza kasa warudi baharini bila kutaga. Chukua ziara ya alfajiri, kamera ruksa bila flashi, na ukibahatika utamkuta mmoja amechelewa anajivuta kurudi majini na nyuma yake ile njia kama ya tairi la trekta.

Njiani kurudi ndio kuna Wadi Shab (wadi ni korongo linalopitisha maji ya mvua). Boti ya kuvuka riali moja, kutembea kama dakika arobaini na tano, kisha unaogelea mpaka kwenye pango lenye maporomoko ndani. Hapa sheria ya mwanga inageuka, korongo ni refu na jembamba, kwa hiyo mchana wa saa tano sita ndio jua linafika chini na maji yanakuwa ya kijani kile unachokiona kwenye mabango. Filta ya polaraiza, ile ya kuzungusha, inaondoa mng'ao juu ya maji na mawe ya chini yanatokea. Mfuko usiopitisha maji ununue mjini. Na kama hujui kuogelea ishia kwenye mabwawa ya kwanza, mazuri vilevile. Muhimu kuliko picha: mvua ikinyesha milimani, hata kama kwako kuna jua, toka wadini. Maji yanakuja kama ukuta. Aprili 2024 mafuriko yaliua watu nchini, wakiwemo watoto wa shule waliokuwa ndani ya gari, na kuvuka wadi inayotiririka kwa gari ni kosa la kushtakiwa, hata ukipona.

Milima kwa kifupi. Jebel Akhdar polisi wa kizuizini Birkat al Mouz hawapitishi gari dogo, kwa hiyo changeni watu wanne hela ya kukodi fowili. Nenda mwisho wa Machi au Aprili wakati wa mawaridi, yanachumwa alfajiri kabla jua halijayachoma, na vijijini Al Ayn na Al Aqr bado wapo wanaochemsha marashi kwenye tanuri za udongo zilizojaa masizi. Jebel Shams iko kama mita 3,000, Januari usiku baridi inauma kweli, betri zinakwisha haraka, lala nazo ndani ya blanketi.

Salalah ni mbali, kilomita 1,000 hivi, na khareef, msimu wa mvua wa kule, ni kuanzia mwisho wa Juni mpaka Septemba. Milima inakuwa ya kijani, ukungu, ngamia wamesimama kwenye majani kama ng'ombe wa Kitulo, na barabarani vibanda vya madafu, ndizi na mapapai vinakufanya usahau uko Arabuni. Watu wote wa Ghuba wanakuwa kule, vyumba vinapanda bei, mi ningeenda Septemba mwishoni, mvua zimekata, majani bado, watu wameondoka. Usiendeshe usiku, ngamia halipishi gari. Kifuniko cha mvua cha kamera hata mfuko wa nailoni na raba kinatosha, ile ni rasharasha ila haikatiki.

Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana hata kama dini yako nyingine. Usiku wa mwezi kumi na nne kuna Qaranqasho, watoto wamevaa wanapita nyumba kwa nyumba wanaimba na kupewa peremende, omba ruhusa kwa wazazi sio kwa watoto.

Nimeacha makusudi la dada zetu. Kuna wadada wengi wa Kenya, Uganda, Tanzania wanaofanya kazi za ndani huku, na siku ya mapumziko utawakuta ufukweni Qurum wamependeza, na watakuomba picha za kutuma nyumbani. Wapige, wapige vizuri, jioni ile na bahari nyuma, na wape faili zote kwenye simu zao. Ila usizitupie mtandaoni kwako bila wao kukubali kwa maneno, kwa sababu madamu akiiona ile picha anaweza kuuliza alikuwa wapi na nani, na atakayelipa sio wewe. Vilevile kaka zetu na Wabangali kwenye mabweni yao. Ukitaka kuwapiga vizuri nenda Ijumaa jioni kwenye viwanja vya vumbi wanapocheza kriketi, pale wako huru, wana furaha, na vumbi na jua la jioni vimeshakufanyia nusu ya kazi.

Mwisho, picha zenyewe. Diski mbili, moja chumbani kwako, nyingine kwa rafiki anayekaa mtaa mwingine, maana ukibadilishiwa makazi ghafla hujui kitakachobaki. Andika jina la mahali na mwezi kwenye kila folda siku hiyo hiyo. Na ukisafiri kwenda nyumbani, diski na betri zote za akiba zinapanda na wewe kwenye begi la mkononi, betri za lithiamu hawazitaki kwenye mizigo ya chini, tripodi ndio iende na sanduku ikiwa imeviringishwa kwenye zile kanzu za zawadi.